Kutoka mezani hadi kiti cha mkurugenzi: jibu kwa binti wa Majengo, Moshi

Binti mmoja ameniandikia hivi:

"Shikamoo mama. Nina miaka 27, nakaa Majengo, Moshi. Nilisoma stashahada ya maendeleo ya jamii pale Tengeru, kisha nikapata mkataba kwenye shirika moja kambini Kigoma, upande wa ulinzi wa watoto. Mradi umeisha, nimerudi nyumbani. Kaka yangu yuko Winnipeg, Kanada. Ananiambia huko kuna mashirika yanayowapokea wahamiaji na wakimbizi na kuwasaidia kuanza maisha, na baadhi ya wakurugenzi wake walifika wenyewe wakiwa wakimbizi. Hiyo ndiyo kazi ninayoitaka. Siku moja niongoze shirika la namna hiyo, huko au hapa. Je, nitafute kwanza shahada ya uzamili? Nimeitwa usaili wa afisa mikopo kwenye SACCOS moja hapa mjini, ila naona kama nitapotea njia. Halafu kuna mtu anasema anaweza kuniingiza kwenye orodha ya kupelekwa Kanada kama mkimbizi, kwa malipo. Nishauri."

Marahaba, mwanangu. Nianze na la mwisho kwa sababu ndilo linaloweza kukulia fedha wiki hii. Huyo mtu usimpe hata senti. Mpango wa kuwahamishia wakimbizi nchi ya tatu hauuzwi. Tangu kesi inapochaguliwa na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, hadi familia inapopanda ndege, hakuna hatua ya kumpa mtu chochote mkononi. Isitoshe, mkimbizi kwa sheria ni mtu aliye nje ya nchi yake. Wewe ni Mtanzania unayelala kwenu Majengo na kitambulisho cha NIDA mfukoni. Umekaa kambini, umeona watu wakisubiri miaka na miaka jina litokee ubaoni. Unaijua habari hii kuliko anayekuuzia. Tumemalizana naye.

Sasa kazi yenyewe. Mimi niliingia humu mwaka 1994 kule Benaco, Ngara, Wanyarwanda walipovuka mpaka wa Rusumo robo milioni ndani ya saa kama 24, na baadaye nikafanya kazi hiyo hiyo upande wa pili, Kanada, kule wanakofikia wachache wanaobahatika. Sasa niko Arusha. Kwa hiyo ninayokuambia nimeyaona kutoka ncha zote mbili za safari, na kama nitakuwa mkali kidogo mahali, nivumilie.

Watu wengi wakisikia habari za mashirika ya kuwapokea wahamiaji huwaza uwanja wa ndege: bango lenye jina, maua, picha ya pamoja. Hiyo ni saa moja tu. Kazi huanza siku ya pili au ya tatu, mgeni anapoketi mbele yako na ule mfuko wa plastiki wa IOM (Shirika la Kimataifa la Uhamiaji), mweupe wenye maandishi ya bluu, ambao hajauachia tangu alipopanda ndege kwa kuwa humo ndimo mna karatasi zote zinazosema yeye ni nani. Unamwomba azitoe mezani. Hati ya ukaazi wa kudumu. Majibu ya vipimo vya afya. Kadi za chanjo za watoto, nyingine zimelainika kwa jasho. Halafu inatoka ile ambayo mara nyingi aliitia sahihi bila kuielewa: mkopo wa nauli. Kanada huwakopesha wakimbizi wengi gharama za safari, nao hutakiwa kurejesha kidogo kidogo wakishatulia. Mwaka 2018 Kanada ilifuta riba ya mikopo hiyo. Deni lenyewe likabaki. Baba mwenye watoto sita anakutazama: "Yaani nadaiwa, na bado sijanunua hata sufuria?"

Hapo huruma peke yake inakwama. Ukimpa pole ukaishia hapo, hujamsaidia. Anamhitaji mtu anayejua malipo yanaanza lini, aandikiwe nani akishindwa, na ni karatasi ipi asithubutu kuitupa. Baada ya hapo kuna namba ya bima ya jamii ambayo mwajiri ataiuliza siku ya kwanza, akaunti ya benki, kadi ya matibabu ya jimbo, shule, na maombi ya posho ya watoto, ambayo yakichelewa mwezi mmoja hata jikoni patajua. Kisha nyumba, na hapo kila mji una kilio chake, maana mwenye nyumba anataka mdhamini, historia ya mikopo na barua ya mwajiri, na mgeni hana hata kimoja.

Na hapo hapo mtoto wa miaka kumi na miwili, aliyeokota Kiingereza kambini, anajitolea kumtafsiria baba yake. Umefanya kazi ya ulinzi wa watoto, kwa hiyo sihitaji kukueleza ubaya wa mtoto kumtajia daktari ugonjwa wa mama yake, au kumwambia baba kwamba fedha hazitoshi. Kanuni ya kutowatumia watoto kama wakalimani kila shirika linayo, imeandikwa vizuri kabisa. Lakini anayeitekeleza ni yule ambaye mkurugenzi wake aliweka fungu la wakalimani kwenye bajeti miezi kumi kabla, akaligombania mfadhili alipotaka kulikata, na akahakikisha kwamba kuna mkalimani wa Kiswahili, wa Kirundi na wa Kinyamulenge anayepokea simu hata jioni.

Ndiyo maana sitakuambia kuwa kiongozi wa kazi hii ni mtu mwenye moyo mkubwa kuliko wengine. Moyo unao tayari, la sivyo usingedumu Kigoma. Afisa wa mezani anaihudumia familia moja vizuri. Kazi ya kiongozi ni familia ya mia mbili ihudumiwe sawasawa na ya kwanza, mwaka wenye fedha na mwaka usio na fedha. Hicho ni kipaji kingine kabisa, na kwa bahati kinafundishika.

Nikupe mfano wa uongozi wa kweli, na wala haukuwa wa mtu mmoja. Kati ya Novemba 2015 na mwisho wa Februari 2016 Kanada iliwapokea Wasiria zaidi ya 25,000. Nchi nzima ilikuwa na shangwe, waziri mkuu mwenyewe alikwenda uwanja wa ndege kugawa makoti ya baridi. Katikati ya shangwe hiyo, Januari 2016, mashirika ya miji kadhaa, Vancouver na Toronto yakiwamo, yaliiomba serikali isimamishe kwa siku chache kuwaletea watu wengine. Hoteli za muda zilikuwa zimejaa, na nyumba za kuingiza familia ya watu wanane au kumi hazipatikani upesi katika miji iliyojengwa kwa familia ya watu wanne. Fikiria ujasiri wa kumwambia anayekulipa, tena hadharani, kwamba asubiri kidogo. Anayeweza kusema hivyo ni yule anayezijua namba zake: vyumba vingapi vina watu usiku wa leo, familia ngapi zinahamia nyumba zao kwa wiki, wafanyakazi wangapi wameanza kukosa usingizi. Bila namba hizo ungeonekana mlalamikaji tu.

Tuje kwenye fedha, na hapa nitakaa muda mrefu kwa sababu ndipo vijana wetu wengi wanapoangukia.

Marekani fedha za mapokezi zilikuwa zikifuata kichwa: shirika lilipewa kiasi fulani kwa kila mkimbizi aliyefika, kwa ajili ya siku zake 90 za mwanzo. Ilionekana haki. Lakini mwaka wa fedha 2016 kikomo cha wakimbizi wa kupokelewa kilikuwa 85,000, na mwaka wa fedha 2020 waliofika hawakutimia hata 12,000. Vichwa vikipungua, fedha zinapungua, ofisi zinafungwa, na wale waliofika mwaka juzi, ambao bado wanahangaika na lugha na karatasi, wanakuta mlango una kufuli. Baadaye milango ikafunguliwa tena, ofisi zikaajiri upya na kuanza kufundisha watu kutoka sifuri. Kisha Januari 2025 mpango wote ukasimamishwa, na ndani ya siku chache mashirika yakaamriwa yasitishe hata kazi za kuwahudumia waliokwisha kufika, watu ambao walikuwa bado ndani ya siku zao 90. Kodi ya nyumba ya mwezi ule ilikuwa imeahidiwa. Mkurugenzi afanye nini Ijumaa jioni, familia iko ndani ya nyumba, na anayelipa amesema simama?

Kanada utaratibu ni tofauti, kuna mikataba ya miaka kadhaa na wizara ya uhamiaji, na kwa kawaida haikatiki ghafla namna hiyo. Lakini nayo inafuata upepo wa siasa. Oktoba 2024 serikali ilitangaza kushusha lengo la wakaazi wapya wa kudumu kutoka 485,000 mwaka ule hadi 395,000 mwaka 2025, na kuendelea kushuka baada ya hapo. Wanapotarajiwa wachache, na mafungu ya madarasa ya lugha na ya maafisa wa mapokezi huanza kuangaliwa upya. Mwambie kaka yako akueleze na upande huo, si wa theluji na mishahara tu.

Wazee wa mlimani waliochimba mifongo, ile mifereji ya maji ya Uchagani, waliijua shida hii vizuri. Maji huja kwa zamu, na anayetaka kumwagilia mchana huyakinga usiku kwenye nduwa, yaani bwawa dogo la akiba. Mkurugenzi asiye na nduwa ya mishahara ya miezi mitatu minne, iliyochangwa kutoka vyanzo visivyo vya mfadhili mkuu (makanisa na misikiti, halmashauri ya jiji, wafanyabiashara waliowahi kuwa wageni wenyewe), huyo anaongoza kwa hisani ya mtu mwingine. Nimewahi kufanya kazi chini ya bosi wa aina hiyo, kwenye shirika ambalo silitaji. Alikuwa mtu wa watu, anakumbuka majina ya watoto wa kila mteja. Fedha ya mfadhili mmoja ilipochelewa, ikagundulika kwamba fungu la nyumba za wageni lilikuwa limeshalipia mishahara. Hakuiba hata shilingi moja. Lakini fedha ya mkataba ikitumika nje ya mstari wake, mkaguzi haulizi nia yako, anauliza stakabadhi.

Kwa hiyo nenda kwenye usaili wa SACCOS. Nasema kwa moyo wote, na ukipewa kazi, ichukue.

Najua ulitarajia nikuambie ubaki "kwenye fani". Lakini angalia utakachokipata pale. Utajifunza kusoma mizania, kujua tofauti ya fedha iliyopo na fedha iliyoahidiwa, tofauti ambayo wengi wetu tuliijua tukiwa tumeshazeeka. Utakaa na mwanachama anayekusimulia msiba wake, unamwonea huruma kweli, na bado unalazimika kumwambia kwamba hakidhi vigezo, kisha unamwonyesha njia nyingine. Hayo ndiyo mazungumzo magumu kuliko yote katika kuwahudumia wageni, na kambini huwa tunayakwepa kwa kusema "tutaangalia". Utaona pia jinsi bodi iliyochaguliwa na wanachama inavyovutana na meneja aliyeajiriwa, mkutano mkuu unavyoweza kumtoa jasho mwenyekiti, na mkaguzi anavyoingia. Shirika la kupokea wahamiaji lina bodi ile ile kwa sura nyingine. Wakurugenzi wengi ninaowajua walioondolewa hawakuondolewa kwa kuwashindwa wateja. Waliondolewa kwa kutojua kuishi na bodi. Nawe uko Moshi, mji wa KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa, tangu 1933, wenye Chuo Kikuu cha Ushirika. Watu wanasafiri kutoka mbali kuja kusoma mambo haya hapo, wewe unayafikia kwa bodaboda.

Miaka miwili mitatu inatosha. Ukikaa zaidi mshahara utakuzoeza.

Kuhusu uzamili, mwanangu, umeruka ngazi. Una stashahada, kabla ya uzamili kuna shahada ya kwanza. Rudi Tengeru kwa shahada, au nenda Chuo cha Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam, kama unataka kuegemea kwenye kesi za watu na familia kuliko miradi ya vijiji. Ukiniuliza mimi, kwa lengo lako ningechagua ustawi wa jamii. Na ujue jambo hili mapema: Kanada, jina la "afisa ustawi wa jamii" linalindwa na sheria za majimbo, huwezi kujiita hivyo bila kusajiliwa na chombo cha jimbo lako, na vyeti vyetu vinapitia tathmini kwanza. Afisa wa kuwasaidia wahamiaji hasajiliwi namna hiyo, ndiyo maana mlango huo ni mpana, na ndiyo maana malipo yake ya kuanzia si makubwa. Uzamili utakuwa na maana ukishakuwa na swali lako mwenyewe linalokunyima usingizi. Bila hilo utalipa ada kubwa ili kuambiwa mambo ambayo tayari umeyaona kwenye kambi kama Nyarugusu na Nduta.

Ningekusukuma zaidi kwenye Kifaransa kuliko kwenye cheti kingine. Wakongo na Warundi utakaowahudumia wengi wamesoma kwa Kifaransa. Kanada ina sera ya kuongeza wahamiaji wanaosema Kifaransa nje ya Quebec, na huko huko Winnipeg kwa kaka yako kuna Saint-Boniface, mtaa wa watu wanaosema Kifaransa tangu zamani. Arusha kuna Alliance Française. Kiswahili chako ni mtaji mkubwa tayari, kwa sababu ya wakimbizi wa mashariki ya Kongo, ila usijidanganye kwamba Mtanzania akifungua kinywa Mkongo wa Uvira anamwelewa neno kwa neno. Umewasikia kambini. Endelea kuwasikiliza kwa unyenyekevu, maana mkalimani anayemsahihisha mteja Kiswahili chake amekwisha kumpoteza.

Njia ya kufika huko sitaieleza kwa kirefu. Mashirika hayo mara nyingi huajiri watu ambao tayari wako nchini na wana haki ya kufanya kazi. Hayatumi tiketi Moshi. Basi itakuwa masomo, au mpango mwingine halali wa uhamiaji, na ukitaka mshauri wa kulipwa hakikisha ana leseni, kwa kuwa Kanada kutoa ushauri wa uhamiaji kwa malipo bila leseni ni kosa la jinai. Kumbuka sheria hiyo siku utakapokaa mezani mwenyewe. Mteja atakuomba "umalizie tu" maombi ya kumleta mkewe, na utakuwa unajua jibu, na bado utampeleka kwa mwanasheria. Ukifika, usione haya kuanza kama mkalimani wa saa chache au mpokezi wa kaunta. Kutoka hapo mtu huwa afisa wa kesi, kisha kiongozi wa timu, kisha meneja wa programu, na penye umeneja ndipo wengi hukwama, kwa sababu ile ile ya fedha niliyoizungumza.

Ila nashangaa kidogo kwamba "hapa" umeiandika mwishoni, kama vile ni pa kujikinga mvua tu. Umesoma Tengeru. Hapo hapo Tengeru kuna makaburi ya Wapolandi. Kuanzia mwaka 1942 kama 5,000 waliishi pale, wengi wanawake na watoto, waliofukuzwa makwao na Wasovieti wakapitia Siberia na Uajemi hadi chini ya Mlima Meru. Walikuwa na shule, hospitali, kanisa, mashamba. Vita vilipoisha swali likawa lile lile tunaloliuliza leo: warudi, wabaki, au waende nchi ya tatu? Mwaka 1949 yatima zaidi ya 100 wa kambi ile walipelekwa Kanada, na serikali mpya ya Poland ikalalamika kwamba watoto wake wameibwa. Kuna mtu aliyekaa na kila mtoto akamwuliza anataka nini, kuna mtu aliyepanga meli, kuna mtu aliyejibu hoja za serikali. Barabara ya Tengeru kwenda Kanada haikuanza na kaka yako.

Tena kazi kubwa kuliko zote za kuwapa watu makazi tuliifanya sisi. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 waliwekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo kwa utaratibu wa pande tatu: serikali ilitoa ardhi, UNHCR ikatafuta fedha, na TCRS, shirika lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Walutheri, likafanya kazi ya mikono: barabara, visima, zahanati, mbegu. Ndani ya miaka michache watu walikuwa wanajilisha na kuuza ziada. Kisha mwaka 2010 serikali ikatangaza uraia kwa watu wapatao 162,000. Hakuna nchi nyingi duniani zilizowahi kufanya hivyo kwa mkupuo. Lakini vyeti havikutolewa hapo hapo, kwa sababu mpango wa mwanzo ulikuwa watawanywe mikoani kwanza, na mpango huo ukakwama. Vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Miaka hiyo katikati, mtu alikuwa ameukana uraia wa Burundi, ameambiwa ni Mtanzania, na hana karatasi. Alime mwaka huu au asilime? Ajenge ukuta wa matofali au aache wa udongo, ikiwa kesho ataambiwa ahame? Mfanyakazi aliyekuwa Mishamo miaka ile, akijua kuwaambia watu ukweli bila kuwatisha na bila kuwadanganya, huyo angeweza kuongoza shirika lolote Winnipeg.

Siku hizi hali ni ngumu zaidi. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inawataka wakae kambini, hivyo usitegemee kufungua kituo cha kuwapokea wakimbizi Arusha mjini kama wanavyofanya wenzetu Kanada. Kazi ya ndani iko Kigoma, na iko kwenye msaada wa sheria, na kwenye meza za sera. Nayo Arusha haikosi, kwani Jumuiya ya Afrika Mashariki iko hapa, na itifaki ya soko la pamoja iliyoanza kutumika 2010 imewapa watu wa nchi wanachama haki ya kuhama na kufanya kazi ambayo wengi wao hawaijui. Mwalimu Mganda na fundi Mkenya nao ni wahamiaji, na mara nyingi hakuna anayewaelekeza kibali kinaanzia ofisi ipi. Na hapo kwenu Moshi kuna chuo cha uhamiaji, TRITA, pamoja na kituo cha IOM cha kujengea uwezo kilichoanzishwa mwaka 2009. Mafunzo yao mengi ni ya maafisa wa serikali za Afrika, kwa hiyo usiende ukidhani ni shule yako. Lakini mtu wa kazi yetu anayejua namna afisa wa mpakani anavyofikiri ana faida kubwa. Omba hata kujitolea kwenye maktaba.

Kuna jambo moja ambalo vitabu haviligusi sana. Ukipanda, watu wako watakujia. Msambaa, Mchaga, Mkongo wa kanisa lenu, mke wa mjomba. Watataka faili lao liende juu, wakupigie usiku, mtoto wao apate ile nafasi ya ukalimani. Wasipoipata watasema umekuwa Mzungu. Na ukiwapa, familia ya Kisomali au ya Kisiria iliyokaa kwenye foleni itajua siku hiyo hiyo, maana wageni husoma haraka nani ana mtu ndani. Mimi nilikuwa napokea chai na maandazi kwa kila aliyenikaribisha, nakula nashiba, nasifia. Bahasha sipokei, wala simu ya kazi haiingii nyumbani baada ya magharibi, isipokuwa ya mtoto aliyepotea au mwanamke aliyepigwa. Faili la ndugu nampa mwenzangu mbele ya watu, na naandika kwamba nimempa. Wengine walininunia. Shemeji yangu mmoja hadi leo salamu zake ni za kuhesabu.

Sasa la kufanya kabla ya mwezi huu kwisha. Msimamizi wako wa Kigoma naye anatafuta kazi, maana mradi uliokuacha umemwacha. Watu wa kambini hutawanyika upesi, huyu Sudan Kusini, yule Bangladesh, na barua pepe ya shirika hufungwa mkataba unapokwisha. Mtafute kwa namba yake binafsi, umwombe barua. Usimwachie aandike kwamba wewe ni mchapakazi na mwaminifu. Barua zote husema hivyo. Mpelekee mistari ya kweli: ulikuwa na kesi ngapi kwa wakati mmoja, ulifanya kazi kwa lugha zipi, uliwahi kushika fedha za mradi au hukushika, uliripoti kwa nani, ulimfundisha nani. Jina la mtoto hata mmoja lisiwemo, wala namba ya kesi. Aitie sahihi, na aweke namba ya simu ambayo atakuwa nayo hata mwaka ujao.